Kaya Saba Chini ya Tuta

Dodoma,
16 Februari 2020

Dada Zamda,

Shikamoo. Natumaini wewe, mwanao Yusra na majirani wote mu wazima. Mimi sijambo, ila goti la kushoto linanisumbua nikikaa muda mrefu.

YAH: KUSTAAFU, NA JAMBO JINGINE

Nimekabidhi ofisi Ijumaa ya tarehe 7. Miaka thelathini na sita, dada. Nilianza karani wa masjala pale Korogwe, kazi yangu kubandika namba kwenye majalada, nikamaliza Katibu Mkuu wa wizara. Wamenipa kadi kubwa na saa ya ukutani. Niliposimama kuaga, nikaona nusu ya watu wanaangalia simu zao. Tangu Jumatatu nakaa sebuleni nimevaa suti, sina pa kwenda.

Jambo jingine ni hili. Wazee wa jimbo walikuja hapa nyumbani, wakiongozwa na jirani yako Mzee Mustafa. Wanataka nigombee ubunge. Wanasema, huyu alitujengea lambo Kwemkole akiwa mtumishi tu, akiingia bungeni je? Nimeogopa. Mimi ni mtu wa kuandika dokezo na kulipeleka kwa mkubwa, si mtu wa kupanda jukwaani na kucheza ngoma. Lakini kukaa hivi nitakufa, dada, nakwambia kweli. Mama hayupo, na wewe ndiye uliyenilea. Naomba baraka zako. Usipokubali sitachukua fomu.

Mdogo wako,
Mbaruku


Kwemkole, Sindeni
8 Machi 2020

Mdogo wangu Mbaruku,

Marahaba. Sisi wazima, mvua bado, mahindi tunayaangalia tu. Hilo goti lipake mafuta ya nyonyo na uache kukaa kama mtu aliyebandikwa kitini.

Barua yako ameileta Gerald wa basi. Nimecheka peke yangu mpaka Hilaria jirani yangu kaja kuuliza kulikoni. Hata barua ya dada yako unaiwekea "Yah"! Haya bwana, Katibu Mkuu. Mie darasa la nne langu halijui Yah, utanisamehe.

Chukua fomu. Nakupa baraka zangu na za marehemu mama pia. Ulipokuwa unasoma Korogwe, nikikutumia unga wa bada, ule wa muhogo, kwa lori la mkonge, nilikuwa namwambia kila mtu kwamba huyu atakuwa mkubwa, wakanicheka. Nani anacheka leo? Kabla ya lambo lako tulikuwa tunaamka kufuata maji, tunarudi jua limeshawaka. Ulipolijenga mwaka 2016 nilihamia chini ya tuta linalozuia maji yake mimi wa kwanza, nilime bustani, na wengine wakanifuata. Sasa tuko kaya saba, tunakula nyanya mwaka mzima. Hilaria na mumewe Mathias, wale ambao babu zao waliletwa mashamba ya mkonge kutoka Songea, wamejenga pembeni yangu, juu kidogo. Wanakuombea kanisani kwao kila Jumapili.

Ila nina ombi moja. Ukishakuwa Mheshimiwa, nikikuandikia unijibu.

Dada yako,
Zamda


Kwemkole, Sindeni
11 Desemba 2023

Mdogo wangu Mbaruku,

Hujambo? Watoto hawajambo? Mie niko hai, namshukuru Mungu.

Mara ya mwisho kuniona ilikuwa kampeni ya 2020, umesimama juu ya gari unapunga mkono. Miaka mitatu hiyo imepita. Silaumu, najua Bunge lina kazi. Lakini nikipanda kilima cha shule kutafuta mtandao, nikakupigia, anapokea msaidizi wako Dunstan, "Mheshimiwa yuko kikaoni." Kikao gani hicho kisichoisha? Ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi.

Mbaruku, tuta linavuja. Mvua za vuli hizi hatujawahi kuziona, lambo limejaa mpaka linamwagika kwenye utoro, ile njia ya maji ya ziada. Nyuma ya choo changu, pale tuta linapokutana na ardhi, pamelowa. Mwanzo nilidhani ni choo. Sasa ni kijito kabisa, nikiweka ndoo inajaa kabla sijajifunga kanga vizuri. Hilaria kapanda mchicha pale, anasema kapata kisima cha bure. Mie sicheki. Nikinyamaza kidogo nayasikia yale maji, na juu ya kichwa changu kuna lambo zima.

Tuma mtu aje aangalie. Nakuomba kama dada yako, sikuombi kama mpiga kura.

Dada yako,
Zamda


Dodoma,
20 Januari 2024

Dada Zamda,

Shikamoo. Natumaini u mzima wa afya, nami vilevile.

YAH: UVUJAJI WA LAMBO LA KWEMKOLE

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Barua yako ya tarehe 11 Desemba 2023 nimeipokea na yaliyomo nimeyaelewa.

Usikasirike, dada, mkono umeshazoea. Nimeisoma mara tatu. Lakini nikienda kumwambia Waziri "dada yangu amesema," watasema napendelea ndugu. Kuna utaratibu, na niliuandika mimi mwenyewe nikiwa wizarani, kwa waraka wa mwaka 2017. Ombi la ukarabati linaanzia kijijini, linapita kata, wilaya, mkoa, na kila ngazi inaweka maoni yake kabla halijafika juu. Waraka ule ulizuia ujanja mwingi sana. Siwezi kuwa mtu wa kwanza kuuruka.

Kwa hiyo andika upya. Mwandikie Katibu Mkuu, kupitia kwa Mkoa, kupitia kwa Wilaya, kupitia kwa Kata, kupitia kwa Mtendaji wa Kijiji cha Kwemkole, na nakala uniletee mimi. Kuvuja kidogo kwa lambo ni kawaida, usiwe na hofu.

Mdogo wako,
Mbaruku


Kwemkole, Sindeni
30 Juni 2024

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi tunaendelea.

Nimefanya ulivyosema. Mtendaji alisema bila muhtasari wa kikao hawezi kugonga muhuri. Kikao kimekaa Machi. Muhtasari umepotea, ukaandikwa mwingine. Kata wakasema muhuri umekaa mahali sipo. Nikarudi. Mbaruku, mimi na miaka yangu sabini na miwili nimebeba ile karatasi kwenye bahasha kama kitambulisho, nimeipeleka mjini kwa mkono wangu, nikaambiwa niiache mapokezi na nisubiri kupigiwa. Simu gani watanipigia mie, ya kilimani?

Basi namshukuru Mungu, mhandisi mmoja anaitwa Deogratius aliiona pale mapokezi akaja kwa pikipiki yake, bila kutumwa na mtu. Kapima, kapanda juu, kashuka, kachota yale maji kwenye chupa akayaangalia kwenye jua. Kajaribu kufungua bomba la chini ili maji yapungue, koki imeganda. Akaniambia hivi: "Mama, maji yakivuja meupe tunasubiri. Siku yakitoka na udongo, ujue tuta linaliwa kwa ndani. Lakini kwa ushauri wangu msisubiri. Hameni nyie kaya saba, sasa hivi." Taarifa ameiandika, naye anasema lazima ipitie kwa wakubwa wake.

Je, tuhame? Majirani wananiuliza mimi. Mie ndiye dada wa mwenye lambo, wanadhani najua. Sijui kitu. Niambie.

Dada yako,
Zamda


Dodoma,
14 Novemba 2024

Dada Zamda,

Shikamoo. Pole na mahangaiko. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka niwe na jambo la kukuambia.

YAH: MAJIBU YA SERIKALI

Wiki iliyopita nilisimama bungeni nikauliza, lini lambo la Kwemkole litakarabatiwa. Nikajibiwa kuwa Serikali inatambua umuhimu wa mradi huo, tathmini ya kina inaendelea, na kazi itafanyika kadiri fedha zitakavyopatikana. Nikakaa.

Dada, maneno yale ni yangu. Kwa miaka kumi na mmoja niliwaandikia mawaziri majibu ya bungeni, neno kwa neno, na yale niliyatunga ili mbunge akae chini na asiulize tena. Nimekaa chini na mimi. Jirani yangu wa kiti alinipiga begani akasema majibu mazuri hayo, nikaitikia.

Nilikwenda pia kumwona Katibu Mkuu wa sasa. Huyu alikuwa akinibebea majalada yangu hadi garini. Nilikaa kwenye benchi la wageni saa mbili na dakika arobaini. Alinipokea kwa heshima zote, akaniambia, "Mzee, taarifa ya mhandisi bado iko mkoani, na waraka wako mwenyewe unanikataza kugusa jambo ambalo halijapita mkoani." Nilitaka kumpigia meza. Nikamwambia asante.

Kuhusu kuhama. Nakuomba ubaki, dada. Mwakani kuna kura za maoni, na yule tajiri wa Segera anayelitaka jimbo hana hoja nyingine, anatafuta doa tu. Watu wakiona dada wa mbunge kafungasha magodoro analikimbia lambo la mdogo wake, kesho yake itakuwa redioni. Na mimi nikiondoka, hakuna mtu atakayelisukuma jalada hili. Ukibaki wewe, na wengine watatulia. Tusizue taharuki. Nipe mpaka bajeti ya Juni.

Mdogo wako,
Mbaruku


Kwemkole, Sindeni
6 Aprili 2025

Mbaruku mdogo wangu,

Hujambo? Ramadhani tumeimaliza salama, lakini Idi ilinyesha kutwa, pilau tumelila ndani tumejibanza.

Nimebaki, kama ulivyotaka. Lile neno lako taharuki nilimuuliza Mathias, akasema ni hofu ya watu wengi kwa pamoja. Basi mie ninayo hiyo hofu ya watu wengi, ninayo peke yangu.

Maji yamebadilika. Tangu Jumatano yanatoka na rangi ya chai ya maziwa. Nimeyakinga kwenye bakuli nikayaacha yatulie, chini kumebaki udongo. Umenielewa? Udongo. Yale aliyosema Deogratius.

Na watu wananitazama, Mbaruku. Asubuhi kabla ya kwenda shamba wanapita makusudi mlangoni kwangu waone kama nipo. Wakiona moshi jikoni kwangu wanaondoka na majembe yao. Juzi Mzee Mustafa alikuwa ameshafunga magunia, mkewe kashika kuku. Akapita kwangu, akanikuta nachambua mchicha. "Zamda, unahama?" Nikamwambia sihami. Ningemwambia nini? Akarudi kufungua magunia yake, nami namwona, na mkewe anamzomea kwamba mbona alimtia wasiwasi bure.

Siwezi hii kazi. Nilikulea ukiwa mdogo, nikakufulia na mashati yako, sikuwahi kukukatalia jambo. Hili naliona linanishinda. Usiniandikie utaratibu. Niambie tu kama nife au nihame.

Dada yako,
Zamda


Dodoma,
27 Aprili 2025

Dada yangu,

Shikamoo.

Nilipofika kwenye neno "udongo" niliiweka barua mezani nikatoka nje. Nimezunguka ukumbi wa Bunge kwa miguu na goti hili bovu mpaka askari akaniuliza kama nimepotea.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Mwaka ule wa 2016, mkandarasi aliniomba wiki sita zaidi za kushindilia udongo wa tuta. Nilimpa siku tisa. Mgeni rasmi alikuwa ameshapangiwa tarehe, mahema yameshalipiwa, kibao cha marumaru kimeshachongwa na tarehe yake. Ningeomba tarehe isogezwe, ingeonekana nimeshindwa kazi, na mwaka ule nilikuwa natazamiwa kuwa Katibu Mkuu. Nikasaini kwamba kazi imekamilika. Unakumbuka tulivyocheza siku ile? Wewe ulinivika mgolole mabegani. Mimi nilikuwa naliangalia lile tuta, naliona bado bichi.

Sasa nisikilize. Jumamosi tarehe 3 Mei nitakutumia gari likupeleke Korogwe kwa Yusra. Atakayeuliza, mwambie unaenda kupimwa macho. Usifunge nyumba. Acha kuku nje, acha na nguo kwenye kamba. Mwombe Hilaria akuwashie moto jikoni kila asubuhi, moshi uonekane kama kawaida. Ijumaa tarehe 9 nimepata nafasi kwa Waziri mwenyewe, dakika kumi na tano. Nitampigia magoti kama itabidi. Akisaini fedha za dharura, kaya zote zitahamishwa na Serikali kwa mpango mzuri, hakuna atakayeaibika. Wiki moja tu, dada. Wiki moja.

Siwezi kulala nikijua uko pale.

Mdogo wako,
Mbaruku


Korogwe,
6 Mei 2025

Mbaruku,

Nimefika salama kwa Yusra, huku nyuma ya soko. Yusra anakusalimu, anauliza macho yangu yana nini. Hata mwanangu nimemdanganya.

Gari lako lilikuja saa tatu, watu wote wakatoka. Loo, ilikuwa kama naenda Maka. Mzee Mustafa akasema mbunge anamjali dada yake, akakuombea dua ndefu. Hilaria alinifungia mayai sita kwenye gazeti, kila yai peke yake, lisivunjike njiani. Nikamwambia habari ya moto. Akasema, "Mama Yusra, hata usingeniambia, mimi asubuhi nisipopita kwako siku yangu haianzi." Nilikuwa nimeshaingia garini. Nikafungua mdomo nimwambie, dereva akawasha. Mdomo nikaufunga. Sikulazimishwa na dereva, wala na wewe. Ni mimi niliyeufunga.

Huku mvua haikatiki. Nimekupigia mara sita leo kwa simu ya Yusra. Dunstan huyo huyo. Basi nampa Gerald barua, akukabidhi mkononi kwako.

Nasema hivi. Naisubiri Ijumaa yako kwa sababu umeniomba. Ijumaa ikipita, Jumamosi asubuhi napanda gari narudi Kwemkole, nagonga mlango kwa mlango, nawaambia watoke. Waziri asaini, asisaini. Ukitaka kunikasirikia, kasirika. Kura utapata nyingine.

Dada yako,
Zamda


Dodoma,
9 Mei 2025, saa tano asubuhi

Dada! Dada yangu!

Ameweka saini! Naandika nimesimama kwenye korido, barua hii ina wino wa kalamu aliyosainia yeye. Sikumaliza hata dakika kumi. Nilimwambia kila kitu, dada, mpaka zile siku tisa. Alinitazama kwa muda mrefu, nikadhani ataita watu. Akavuta karatasi, akaandika "Nakubali, itekelezwe mara moja." Mara moja! Miaka yote thelathini na sita sijawahi kuona waziri anaandika "mara moja" na akapiga mstari chini yake.

Ulikuwa sahihi na mimi nilikuwa mjinga. Ningeanza na hili mwaka juzi. Usisubiri Jumamosi, ukipata barua hii panda gari hapo hapo. Waambie wote watoke. Mwambie Mzee Mustafa, mwambie Hilaria azime ule moto na aondoke. Piga kelele utakavyo, hiyo taharuki sasa nakuruhusu. Magari ya kuhamisha yanafika Jumatatu, mafundi Jumanne. Kura za maoni nikishindwa nishindwe, nitakuja kulima nyanya na wewe, popote utakapohamia.

Nalia, dada, watu wa korido wananishangaa. Gerald yuko getini, basi linaondoka saa sita. Simu yangu inaita, naona ni mtendaji wa Kwemkole, bila shaka habari zimeshamfikia. Nampa kwanza Gerald barua hii, kisha nitampigia.

Mdogo wako,
Mbaruku


Korogwe,
19 Mei 2025

Mbaruku,

Mimi na Yusra tu wazima wa mwili.

Barua yako ya furaha ilinifikia Jumatatu, tumeshazika. Unajua mengi, uliyaona mwenyewe, lakini yapo usiyoyajua, nami nimekaa siku saba nikitafuta jinsi ya kuyaandika. Sijaipata. Nitayaandika hivyo hivyo.

Tuta lilikatika Ijumaa ile saa moja na robo asubuhi. Wewe ulikuwa unajifunga tai. Kaya nne zimefutika, mpaka matofali. Mzee Mustafa na mkewe wamepatikana kwenye mashamba ya chini, mbali na mbali. Wale wajukuu wawili wa jirani yetu Mwanaisha walikuwa wanajiandaa kwenda shule. Na Hilaria.

Hilaria hakuwa kwake. Nyumba yake nimekwenda kuiona, Mbaruku. Iko juu, unakumbuka. Maji yamefika barazani yakarudi, hata viatu vya Mathias viko pale pale mlangoni. Yeye walimkuta jikoni kwangu, chini ya ukuta. Alikuwa ameenda kuwasha moto ili moshi wangu uonekane.

Ulikuja Jumapili na magari. Ulilia, na najua kilio chako tangu ukiwa na miaka minne, ulilia kweli. Kisha ukapewa kipaza sauti. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa wanawake, Yusra kanishika mkono. Nikasema moyoni, sasa atasema. Zile siku tisa ulinieleza mimi dada yako, sasa utawaambia na hawa. Ukasema mvua zisizo za kawaida. Ukasema mipango ya Mungu haina makosa. Ukasema fedha za dharura zilikuwa zimeshasainiwa siku ile ile, kwa juhudi zako. Watu wakaitikia amina. Mwanaisha aliyezika wajukuu wawili alikushukuru. Mie nilitaka ardhi inimeze, na aibu yangu ni kwamba hata pale sikunyanyuka.

Juzi Dunstan alipiga simu kwa Yusra. Hiyo siku simu ilikuwa inapatikana. Akasema Mheshimiwa anaomba dada arudi Kwemkole, akae naye meza kuu kwenye mkutano wa kugawa mahema, wananchi wafarijike. Nilimwambia Yusra akate.

Jana Mathias alikuja. Amepanda basi peke yake mpaka Korogwe, kauliza nyumba ya Yusra sokoni mpaka kaipata. Alikaa barazani, chai hakuigusa. Unajua yule bwana hana maneno mengi, maneno yote alikuwa nayo Hilaria. Mwisho akasema, "Mama Yusra, nisamehe kwa swali langu. Macho yalikuwa yanakusumbua kweli?"

Nikamwambia hayakuwa yananisumbua. Nikamwambia nilijua, na kwamba ulijua wewe kabla yangu. Akaniuliza kama Hilaria alijua. Nikasema hakujua. Sikumtafutia sababu, wala wewe sikukutafutia. Nikaingia ndani nikatoa barua zako zote nilizokuja nazo mkobani, za tangu 2020, na zangu nilizokuwa nanakili kabla ya kukutumia, maana ulinifundisha mwenyewe kuweka nakala. Nikamwekea mapajani. Alizisoma pale pale mpaka wakaadhini adhuhuri. Kwenye ile ya tarehe 27 Aprili alirudia mara mbili, nikaona kidole chake kinapita chini ya maneno ya moshi.

Hakunitukana, Mbaruku. Ningefurahi angenitukana. Alizikunja vizuri akauliza kama anaweza kuondoka nazo. Nikamwambia ni zake. Wanakijiji watasomewa Alhamisi, mimi nitakuwepo, nitakaa chini pamoja nao, na wakinifukuza nitafukuzika. Lakini kabla ya hapo alisema anataka kwanza kukuona wewe, ana kwa ana. Nikamwambia asihangaike na simu, nitampa barua ambayo utaifungua.

Kwa hiyo huyo aliyekukabidhi karatasi hii ndiye Mathias, mume wa Hilaria. Bado amesimama mbele yako. Swali lake anakuja nalo mwenyewe, na safari hii siwezi kukujibia.

Dada yako,
Zamda